Gari Linalokata Kushoto Tu

Benchi letu liko kati ya kibanda cha kinyozi na duka la vipuri ambalo halijafunguliwa tangu mwenyewe agombane na mwenye nyumba. Mimi ndiye muuza kahawa wa hapo. Birika langu hukaa mwisho wa benchi, na wateja wangu wa kudumu ni watatu: Kinyozi, anayekuja kila akikosa kichwa cha kunyoa, Tairi Kumi, aliyewahi kuendesha lori na hajaacha kulizungumzia, na Profesa, muuza makava ya simu, ambaye jina alipewa na miwani yake. Wakibishana, kahawa inatoka. Wakikubaliana, nalala njaa. Kwa hiyo sijawahi kuwaombea amani.

Jumatatu hiyo gari jekundu la milango miwili, chini chini kama linatambaa, lilisimama mbele yetu. Akashuka Mjomba. Mtaa mzima unamwita Mjomba, ingawa ni mjomba wa mtu mmoja tu: binti wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu yuko darasa la kwanza. Binti alikuwa anaolewa Jumamosi. Alipokuwa mdogo Mjomba alimwahidi kwamba siku ya harusi yake atampeleka kwa gari jekundu, na kweli, gari likapatikana. Limetumika, lakini linang'aa.

— Wazee, alisema, hili ndilo litakalombeba mwanangu. Sasa nataka nilivalishe rimu na tairi nyingine. Niweke saizi gani?

Kwa watu watatu wanaokwenda kila mahali kwa miguu, hilo lilikuwa swali tamu kuliko sukari.

— Kwanza tusome kilichoandikwa, alisema Profesa, akachuchumaa kwenye tairi la mbele. Mia mbili ishirini na tano. Arobaini na tano. Kumi na saba.

— Maana yake?

— Iko wazi. Mia mbili ishirini na tano ni spidi. Arobaini na tano ni umri wa dereva.

— Na kumi na saba?

Profesa alikunywa funda moja ili apate muda.

— Abiria. Umri wake wa chini.

— Mimi nina hamsini na mbili, alisema Mjomba.

— Ndiyo maana nakwambia badilisha. Tairi hili umelipita kwa miaka saba.

Tairi Kumi alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali.

— Kumi na saba ni ukubwa wa rimu kwa inchi, wewe! Mjomba, weka ishirini. Lori langu lilikuwa na rimu kubwa kuliko hizo, na hakuna aliyewahi kunidharau barabarani.

— Lori lako lilibeba saruji, alisema Kinyozi. Hili linabeba bibi harusi.

— Umeliona gauni lenyewe? alisema Tairi Kumi. Linashinda saruji kwa uzito.

— Sikiliza, Mjomba, mimi kazi yangu ni kupendezesha watu. Usihangaike na urefu. Rimu ziwe pana, zitokeze nje ya bodi kama mabega ya mtu wa mazoezi. Halafu mpira uwe mwembamba, mstari tu, kama ninavyochonga hapa pembeni ya sikio.

— Mwembamba kiasi gani?

— Mtu akiuona adhani umepakwa rangi.

— Na mashimo ya barabarani?

— Unayakwepa. Si ndiyo maana linaitwa gari la michezo? Lazima lijue kucheza.

Profesa hakupenda kuachwa nyuma. Alisimama, akavuta suruali juu.

— Nyie mnaongea urembo, mimi naongea sayansi. Tairi kubwa likizunguka mara moja linafika mbali kuliko dogo. Mshale wa spidi haujui hilo. Unakuonyesha themanini, kumbe uko mia. Ukizidi kuongeza ukubwa, unafika kabla hujafika. Ukitoka nyumbani Jumamosi asubuhi, unaweza ukatokea ukumbini Ijumaa.

— Ijumaa ukumbi umefungwa, alisema Kinyozi, kwa wasiwasi wa kweli.

Nilijaza birika mara ya pili. Mjomba alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno, macho yanamng'aa kama mtoto. Ni mtu asiyependa kumvunja mtu moyo, basi akachukua ushauri wa wote: inchi za Tairi Kumi, mabega na wembamba wa Kinyozi, na kwa Profesa akachukua ujasiri.

Alhamisi tulilisikia gari kabla ya kuliona. Lilikuja likikwaruza, krrr, krrr, kama mtu anayeburuta kabati sakafuni. Rimu zilikuwa nzuri, siwezi kukataa. Zilimeremeta mpaka watu wa ng'ambo wakasimama. Mjomba alishuka shati limelowa jasho.

— Likienda moja kwa moja ni raha tupu, alisema. Nikikata kona, tairi linakula madigadi.

— Dawa yake ndogo, alisema Tairi Kumi. Tunakunja ukingo wa madigadi kwa ndani. Nyundo iko wapi?

Nyundo ikapatikana. Walianza na upande mmoja, Tairi Kumi akipiga, Kinyozi akisema "polepole, polepole" kama vile anapigwa yeye. Rangi nyekundu ilipasuka, ikadondoka magamba magamba. Mjomba alijaribu usukani: gari likakata kushoto bila kelele. Tukapiga makofi. Wakahamia upande wa pili. Nyundo ikagonga kitu kigumu ndani, ikarudi, ikamkosa Tairi Kumi pua kidogo tu.

— Hapo tuache, alisema, akiweka nyundo chini kwa heshima. Hapo pana chuma cha kiwandani.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo una gari linalokata kushoto.

— Kutoka nyumbani hadi ukumbini kuna kona moja, alisema Mjomba. Ni ya kulia.

Profesa alikuwa ameshachukua kipande cha boksi na kalamu.

— Nani kasema lazima ukate kulia? Kushoto mara tatu ni sawasawa na kulia mara moja. Tazama: unapita soko, unazunguka kiwanja cha mpira, unatokea makaburini...

— Unampitisha bibi harusi makaburini? aliuliza Kinyozi.

— Kwa nje tu! Hataingia.

— Mimi naona, alisema Kinyozi, Tairi Kumi akalie boneti upande wa kushoto. Kwa uzito ule, kulia kutainuka kwenyewe.

— Na suti yangu je? alilalamika Tairi Kumi.

Mjomba hakucheka. Alikuwa ameinama, anaokota magamba ya rangi moja moja, anayaweka kiganjani kana kwamba yatarudishwa.

— Ngoja nirudishie tairi zile za mwanzo, alisema kwa sauti ndogo.

— Ziko wapi?

— Nilimwachia muuza rimu. Zilipata mwenyewe siku ileile.

Kila mtu akaanza kuchunguza kikombe chake.

Hapo ndipo binti mwenyewe akatokea. Ni nesi wa wodi ya watoto, na alikuwa bado na sare za kazi. Nyumbani walimwambia gari liko kijiweni.

— Shikamooni.

— Marahaba, tulijibu.

Alilizunguka gari mara moja. Akapitisha kidole pale palipopigwa nyundo. Hakuonyesha hasira. Aliuliza kwa upole, kama anavyomuuliza mzazi mtoto alikula nini jana.

— Mjomba, kwani zile tairi zilizokuja na gari zilikuwa na ubaya gani?

Tairi Kumi alimtazama Kinyozi. Kinyozi alimtazama Profesa. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

— Zilikuwa... zilikuwa za kawaida, alisema Mjomba.

— Zilikuwa zinakata kulia?

— Zilikuwa zinakata.

Binti alitoa simu.

— Halo, shangazi? Lile gari lako linatembea? Linakata kote kote? Basi Jumamosi njoo nalo. Ndiyo, hilohilo. Wala usihangaike kulipamba.

Akaweka simu, akamshika Mjomba mkono uliokuwa umefumbata magamba ya rangi.

— Tutakaa wote nyuma, mimi na wewe. Mtu ninayetaka kushuka naye ni wewe, si rimu.

Mjomba alipangusa macho, akanigeukia mimi kwa ukali:

— Na wewe moshi wa jiko lako huu vipi?

Jiko lilikuwa limezimika zamani.

Jumamosi tulikaa benchini na mashati yetu mazuri, tukisubiri wapite ndipo tuwafuate ukumbini kwa miguu. Kigari cheupe cha shangazi kikaja, kimechakaa, kioo chake kimoja hakipandi. Nyuma tulimwona Mjomba amezama ndani ya gauni la binti, kitambaa kimemfika kidevuni, anapunga mkono kama rais. Walipofika kwenye kona, gari likakata kulia, kimya kabisa, likapotea.

Tairi Kumi alisafisha koo.

— Sasa zile rimu za shangazi...

— Usithubutu, alisema Kinyozi.