Mzee Kaza na Ukuta wa Ghorofa ya Tano

Mume, baba na fundi tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika chumba cha nyuma cha karakana ya seremala, mtoto wa tatu kati ya watano. Mama yake alisimulia kwamba alizaliwa kafumba ngumi, kama aliyeshika spana. Mama yake alisimulia mengi, lakini hili hakuna aliyelipinga.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1971, kisha akasoma miaka miwili chuo cha ufundi. Cheti chake kinamsifu kwa "utulivu". Waliofanya naye kazi walikuwa na neno jingine.

Mwaka 1976 alianza kazi aliyoifanya hadi mwisho: kutoboa zege kwa mashine ya bomba lenye meno ya almasi. Mashine hiyo hukaa kwenye stendi, na stendi hufungwa ukutani kwa bolti moja. Bolti ikiachia, bomba hukwama na mashine nzima ndiyo inayozunguka. Aprili 1983 alifunga bolti kwenye plasta akidhani ni zege. Mashine ikachomoka, ikamvunja mwenzake mkono sehemu mbili. Mwenzake huyo ndiye anayewasomea haya. Marehemu alikwenda nyumbani kwangu kuomba radhi, akamkuta dada yangu, akarudi kuomba radhi mara sita zaidi. Walifunga ndoa tarehe 9 Februari 1985.

Tangu ajali ile hakufunga stendi kabla ya kubandua plasta, kugonga ukuta kwa mpini wa nyundo, kulaza sikio na kusubiri. Kusubiri nini, hakusema. Kisha bolti, nati, skrubu za miguu minne, na mwisho kuitikisa stendi kwa mikono miwili. Ndipo akaitwa Mzee Kaza.

"Mzee, tumechelewa!" msimamizi alimfokea siku moja.

"Andika nimechelewa. Nikifa utajaza fomu nyingi zaidi."

Kazi hiyo alimrithisha binti yake, kifungua mimba.

Januari mwaka huu mapafu yake, baada ya miaka mingi ya vumbi, yaligoma. Alilazwa tarehe 3 Juni. Jumatano tarehe 11, saa nne asubuhi, akiwa hajatamka neno kwa siku mbili, aliketi, akagonga chuma cha kitanda mara tatu, akalaza sikio. Kisha akasema. Mkewe akampigia simu binti, aliyekuwa kazini upande wa pili wa mji, ghorofa ya tano, juu ya jukwaa, kidole kwenye swichi.

"Mwanangu, baba yako anasema usiwashe. Anasema hiyo ni plasta."

"Mama, kwani anajua niko wapi?"

"Hajui hata yeye yuko wapi. Usiwashe!"

Asubuhi hiyo ramani ilisema zege, msimamizi aliangalia saa, na binti hakubandua. Hili ameruhusu lisomwe. Alipobandua baada ya simu, alikuta plasta ya vidole viwili na nyuma yake tofali lenye uwazi. Bolti ilitoka kwa mkono, kama jino la mtoto.

Saa nne na dakika ishirini baba yake alikata roho. Binti hakujua bado. Tofali la namna ile halishiki bolti, kwa hiyo alitoboa kitundu, akapitisha fimbo ndefu ya chuma ya kufungia nati hadi upande wa pili, akaenda chumba cha pili kubandua plasta ili aikaze juu ya bamba la chuma. Chumba kilikuwa na kufuli lililoshika kutu. Mlinzi alilipiga nyundo mpaka likaachia.

Plasta ilikuwa imeshabanduliwa: duara safi, saizi ya bamba, fimbo imetokeza katikati. Vumbi lilikuwa bado linaelea.

"Nani aliingia humu?"

"Nani, dada? Si umeniona nikihangaika na kutu?"

Familia haina maelezo, na wasifu si mahali pa kuyatafuta. Binti aliweka bamba, akakaza nati, akarudi kuitikisa stendi. Haikucheza hata kidogo. Ndipo simu ikalia tena.

Marehemu ameacha mke, mtoto wa kiume, shemeji, wajukuu wanne, na binti ambaye orodha hii ingeweza kumkosa.

Alale salama, apumzike.