Mkono Uliogoma Kushuka

Kijiwe cha nje ya duka la rangi kina benchi moja, birika moja la kahawa na mabingwa wa kila kitu. Asubuhi hiyo Dari, fundi rangi aliyeitwa hivyo kwa kuwa hana mpinzani kwenye dari, aliteleza kwenye ngazi, akadaka bomba la juu, bega likachomoka. Sasa aliketi katikati ya benchi, mkono wa kulia umesimama wima kando ya kichwa, haushuki ng'o. Wapita njia wawili walishampungia. Mke wake alikuwa amekimbia kutafuta gari la kumpeleka hospitali, na Dari aliomba lifike kabla wenzake hawajapata wazo.

Wazo walikuwa nalo tayari.

— Bega ni gia tu, alisema Spana, makanika wa mtaa. Ikichomoka unaigonga mara moja, inaingia.

— Wacha wee! alidakia Kocha. Mimi nimerudisha mabega ya timu nzima. Unakanyaga kwapa, unavuta.

— Hayo yalikuwa yananing'inia. Hili limesimama!

— Lililosimama litaketi.

Gazeti, mwenye birika, akacheka kwa dharau.

— Hamna habari nyie. Huo mkono umeshtuka. Tumshtue tena kwa nyuma, utashuka wenyewe.

— Au tumtundikie ndoo ya rangi, alisema Spana. Ile kubwa.

Dari hakucheka. Aliogopa, tena sana. Mkono huo ndio ulioijua brashi. Ule mwingine hata kijiko ulikishika kwa kubahatisha.

— Jamani, vidole vimekufa ganzi.

— Safi kabisa! alisema Kocha. Hutasikia maumivu.

Akavua kiatu. Spana akamkamata Dari kiganja. Ndipo mkewe, fundi cherehani, akatokea, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

— Ngojeni kwanza, mashemeji. Mnauvuta uende wapi?

Kocha akaonyesha chini. Spana akaonyesha pembeni. Gazeti, birika mkononi, akaonyesha nyuma, kahawa yote ikamwagika.

Spana akakiachia kiganja.

— Shemeji, alisema Kocha, hilo swali lako...

— Mkishakubaliana mtaniita. Baba watoto, gari hilo, twende.

Hospitali walimpiga picha, wakamchoma sindano ya kumlaza. Daktari mmoja akalizuia bega kwa shuka, mwingine akauvuta mkono taratibu, kwanza kulekule ulikokuwa umeelekea, mpaka bega likaingia, kisha akaushusha.

Alasiri Dari alipita kijiweni, mkono umefungwa kifuani. Alivichezesha vidole vyote mbele ya macho yao, na furaha ilimjaa usoni.

— Waliuvuta wapi? aliuliza Kocha.

— Juu.

Mabingwa wakatazamana.

— Juu? alisema Spana. Sasa mtu angejuaje?

— Asubuhi nzima, alisema Dari, si nilikuwa nawaonyesha?