Mke Mwenzangu Arudi Nyumbani

Mheshimiwa Mkurugenzi, Mhariri Mkuu na wahariri wote, wastaafu mliotangulia, wapigapicha, waandishi, madereva, na ninyi mnaotuchemshia chai hapa ofisini, ndugu, jamaa na majirani, na wewe mke mwenzangu, uliyewekwa mezani juu ya kitambaa cheupe kama bi harusi: nawasalimu nyote kwa heshima kubwa.

Msicheke. Kamera ile ni mke mwenzangu, na nyumbani kwetu haina jina lingine. Mshereheshaji amenipa nafasi nitoe neno la shukrani kwa niaba ya familia, leo mnapomuaga mume wangu anayestaafu, halafu akaninong'oneza, "Mama, fupi tu." Nimemwambia asijali. Mimi ni fundi cherehani, kufupisha ndiyo kazi yangu, lakini hata nguo ukitaka kuifupisha lazima kwanza upime.

Niwarudishe nyuma, tulipokuwa wachumba. Mzee Subiri, kama mnavyomwita kwa sababu hajawahi kupiga picha bila kusema "subiri, subiri kidogo", alinialika tutembee baada ya kazi. Mvua ikatukuta njiani. Nikamwona anavua koti. Moyo wangu ukasema, haya, mume ndiye huyu! Koti likapita mbele ya uso wangu, likaenda kumfunika mwenzangu aliyekuwa begani. Mimi nikalowa chapachapa. Nilipofika nyumbani dada yangu akaniuliza, "Kwani unaolewa na nani, yeye au kamera yake?" Nikamjibu, "Nadhani na wote wawili." Na ndivyo ilivyokuwa.

Lakini ndugu zangu, nani kati yenu hana kitu chake? Mkasi wangu wa vitambaa, mtu akiukatia karatasi, siku hiyo hatuelewani kabisa. Kwa hiyo nilipoolewa na mwanamume ambaye akiamka anapuliza vumbi kwenye lenzi kabla hajanijulia hali, nilinuna kidogo, kisha nikamwelewa. Mvua zikianza, lenzi inafungwa kwenye soksi safi na kulazwa ndani ya debe la mchele, ili unyevu usiiguse. Mgeni akiona chakula kinachelewa, ajue tunamtafuta mke mwenzangu kwenye mchele.

Wahenga walisema kipya kinyemi kingawa kidonda. Kwa mzee huyu methali iligonga mwamba. Mlimpa kamera za kisasa, akazitumia, akazisifu, akazirudisha kabatini hapa ofisini. Ile ya mezani ndiyo aliyorudi nayo nyumbani.

Nanyi wapigapicha mmemtania sana kuhusu ukungu wake. Kila picha yake, kona ya juu kushoto, kuna ukungu mdogo, kama mtu aliyepumua kwenye kioo. Mhariri Mkuu, ni mara ngapi umemwambia, "Mzee, kioo hicho kimechubuka, tukubadilishie"? Naye anajibu, "Subiri." Sababu yake hajawahi kuisema. Nitaisema mimi, maana nilikuwepo.

Vijana, zamani picha zilikuwa zinasafishwa. Ukishapiga, unaingia chumba cha giza na dawa zako, unasafisha picha. Basi mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuja kututembelea. Asubuhi moja mume wangu akawa anatoka kwenda kununua dawa, akaniambia huku anavaa viatu, "Nikirudi lazima nisafishe, kazi imekaa sana." Mama akasikia. Akamhurumia mwanawe, na kamera ndiyo hiyo, juu ya meza. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Mimi niko kwenye cherehani chumba cha pili, nasikia maji yanamwagika jikoni, nikajua ni vyombo. Kumbe mama ameing'oa lenzi, amechukua sabuni na ule waya wa kusugulia masufuria, anasugua kioo kwa upendo wote alionao.

Mume wangu aliporudi, mama alimpokea mlangoni, mikono bado imelowa. "Mwanangu, leo pumzika," akamwambia. "Nimekusafishia."

Nilikuwa nyuma ya mama, nikamwona mume wangu usoni. Mwenye kamera anajua uso ule. Akaipokea lenzi kwa mikono miwili, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Asante, mama. Inang'aa." Siku hiyo ndipo mchele wangu ulipoanza kazi ya pili. Lenzi ilipokauka, mtu wa kwanza kupigwa picha alikuwa mama, kwenye kiti karibu na dirisha, anacheka, na kona ile ina ukungu.

Mama alituacha bila kujua. Picha ya mwanawe ikitoka gazetini, alikuwa anaipeleka kwa majirani na kuwaambia, "Mnaona? Ni mimi niliyemsafishia." Na mwanawe hajamkanusha mpaka leo.

Sasa, Mheshimiwa Mkurugenzi, muda mfupi uliopita umetangaza heshima kubwa: kwamba kamera hii itawekwa kwenye kabati la kioo pale mapokezi, na kwamba fundi ataibadilishia kwanza kile kioo kilichochubuka. Mume wangu amesimama, amepiga makofi. Ninyi mmeona makofi. Mimi nimeuona mkono wake alipokaa, unafungua na kufunga kifungo kimoja cha koti, unafungua na kufunga. Mheshimiwa, hawezi kukuambia hapana. Mtu aliyeshindwa kumwambia mama yake mzazi kwamba ameharibu, atakuambiaje wewe?

Najua kamera ni mali ya ofisi. Ndiyo maana naomba, sidai. Mmewahi kuona wapi mwanamke anasimama mbele ya watu kumwombea mke mwenzake arudi nyumbani? Basi leo mmeona. Jazeni ukuta wa mapokezi picha zake, nitakuja kuzifuta vumbi mwenyewe. Lakini huyu, pamoja na mchubuko wake, naomba mnipe. Nampenda aliye naye, na sitaki kumwona anazeeka huku anapapasa bega tupu. Mchele upo wa kutosha.

Mheshimiwa... naona unamwonyesha kwa mkono aje aichukue. Mungu akuzidishie. Mzee wangu, inuka basi. Usinitazame mimi, nitashindwa kumaliza.

Na kwa kuwa nimemwona asubuhi akiweka filamu, eti "kwa kuagana tu", naomba kabla ya chakula atupige picha moja ya pamoja. Mheshimiwa akae katikati, hiyo ni haki yake. Wengine mjipange mnavyojua kwenye ngazi zile za mlangoni. Mimi mniachie ile ngazi ya juu, upande wake wa kushoto kabisa. Nataka nitokee kwenye ukungu, nisimame na mama mkwe wangu.

Nawashukuru kwa wema mliomtendea miaka yote, na asanteni sana kwa kunipa masikio yenu. Sasa tulieni, jamani. Ameshasema subiri.