Jina Lililobaki Kwenye Kadi

ACHOL: Haloo? Haloo? Ni nani hapo?

MAKUEI: Wol hapa. Nani mwenzangu?

ACHOL: Wol gani, Makuei? Ni mimi, Achol.

MAKUEI: Aa, dada'angu! Samahani, namba ngeni hii. Na huku klabuni hawanijui kwa jina jingine. Hujambo?

ACHOL: Sijambo. Nimeazima simu ya—

MAKUEI: Mama yupo?

ACHOL: Yupo. Nimeazima simu ya jirani, mtandao wangu umelala tangu asubuhi. Vocha niliyoweka ni ya dakika chache tu, kwa hiyo nisikilize—

MAKUEI: Mmesikia lakini? Huko Juba mmesikia?

ACHOL: Tumesikia. Redio imetaja majina kumi na mawili. Lako la tisa. "Wol Lual, anayecheza Romania." Mtaa mzima ulipiga vigelegele.

MAKUEI: [anacheka] Timu ya taifa ya mpira wa kikapu, Achol! Miaka kumi na mitatu nazunguka na begi. Tunisia, Bahrein, Mongolia, Kosovo... Kila msimu jezi mpya, kila msimu naanza upya kuwafundisha watu kunitamka. Kuna mahali nilifika mazoezini nikakuta mtu mwingine amevaa namba yangu, ndiyo nikajua nimeachishwa. Halafu leo naitwa nyumbani! Nitacheza Juba, mbele ya watu wetu!

ACHOL: Makuei—

MAKUEI: Mama amesemaje? Alifurahi?

ACHOL: Mbona nasikia kama maji? Uko wapi?

MAKUEI: Nimetumbukiza miguu kwenye pipa la barafu. Kila baada ya mazoezi, ndiyo dawa. Daktari wa timu ananiambia, "Wol, haya magoti si ya mtu wa miaka thelathini na miwili."

ACHOL: Ukamjibuje?

MAKUEI: Nikamwambia ni baridi ya Mongolia.

ACHOL: Ni ya mtu wa thelathini na minane.

MAKUEI: Wee, punguza sauti.

ACHOL: Nani huko anajua lugha yetu?

MAKUEI: Hata hivyo. Sasa mama amesemaje?

[Mtandao unakwaruza.]

MAKUEI: Haloo? Umepotea?

ACHOL: Nipo. Makuei, jana alikuja mtu wa redio. Anaitwa Ater. Ametumwa aandae kipindi kuhusu wachezaji, kila mmoja na utoto wake. Akakaa na mama uani. Akamwambia, "Mama, nisimulie habari za Wol alipokuwa mtoto."

MAKUEI: Nilikwambia mimi! Nilikwambia mtu yeyote akija kuuliza, mama amelala, mama anaumwa, mama ame—

ACHOL: Nilikuwa sokoni! Narudi nakuta ameshapewa chai. Na mama anaongea.

MAKUEI: Anaongea nini?

ACHOL: Habari za Wol.

MAKUEI: Habari zangu, unamaanisha.

ACHOL: Sikiliza vizuri. Habari za Wol. Eti alikuwa halali mpaka ashike sikio la mama. Eti alichukia kuogeshwa, mpaka majirani walikuwa wanatoka nje kumcheka. Eti hakuwahi kuona ng'ombe, maana alizaliwa palepale kambini, ukimbizini, basi lori la maji likipita anakimbia nyuma yake anapiga kelele, "Ng'ombe wetu! Ng'ombe wetu amerudi!" Ater alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema hii nzuri, hii nitaanza nayo kipindi.

MAKUEI: Lile lori lilikuwa jekundu.

ACHOL: Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na nyanya mkononi. Miaka ishirini na minane niliyonayo, hayo yote nayasikia kwa mara ya kwanza. Najua nilikuwa na kaka aliyekufa. Sikujua kwamba alikuwa mtu.

MAKUEI: Basi, si mbaya. Si mbaya, eh? Hakusema alikufa. Ater ataandika nilikuwa napenda ng'ombe, mambo yamekwisha. Mchezaji gani hapendi ng'ombe?

ACHOL: Hayajaisha. Alipokuwa anaondoka aliniuliza na mimi jina.

MAKUEI: Ukamwambia?

ACHOL: Ningemwambia naitwa nani? Nikasema Achol. Akaandika. Halafu kalamu ikasimama. Akauliza, "Wewe ndiye uliyemfuata Wol?" Mama akasema ndiyo, huyu ndiye aliyemfuata Wol. Akaniangalia. Ni mtu wa kwetu, Makuei, si mgeni. Anajua msichana haitwi Achol bure, ni jina la anayezaliwa baada ya mwenzake kufa. Akauliza taratibu, kwa adabu, "Samahani mama, kabla ya huyu ulifiwa na nani?"

MAKUEI: Mungu wangu. Mama—

ACHOL: Mama akakusanya vikombe vya chai, ndipo akamwambia, "Rudi kesho kutwa saa nne. Nitakumalizia."

MAKUEI: Kesho kutwa ya jana? Ndiyo kesho hiyo?

ACHOL: Ndiyo kesho.

MAKUEI: Basi mpeleke Bor. Leo hii. Mpandishe gari aende kwa mama mdogo, akae huko mpaka mechi ipite. Ater akija, mwambie kumetokea msiba.

ACHOL: Hahaha! Msiba.

MAKUEI: Unacheka nini? Unajua hili jambo likitoka linakwenda wapi? Si timu ya taifa tu. Leseni, mkataba wa hapa, pasipoti, kila kitu kina jina la Wol na mwaka wa Wol! Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja wakati yule mwalimu alipokuja kambini kutafuta vijana warefu wasiozidi miaka kumi na sita. Kadi ya chakula ilikuwa bado inasema Wol yupo, ana miaka kumi na mitano. Mama mwenyewe ndiye aliyenipa kadi mkononi! Mwenyewe!

ACHOL: Anajua.

MAKUEI: Sasa leo, siku moja, siku moja tu katika maisha yangu yote watu wa nyumbani wananiita—

ACHOL: Hawakuiti wewe.

[Mtandao unakwaruza.]

MAKUEI: Umesemaje?

ACHOL: Nimesema redio haikukuita wewe. Walipotaja lile jina, watu wanapiga vigelegele, mimi nilimtazama mama. Alikuwa ameinuka kitini. Ameinuka hivi, kama mtu aliyesikia mtoto analia nje. Halafu akakaa tena. Kaka, kuna kitu sijakwambia. Ndicho kilichofanya niazime simu. Leo alfajiri ametoka chumbani amenyoa kichwa.

MAKUEI: Amenyoa?

ACHOL: Chote. Kwa wembe, peke yake, amejikata hapa juu ya sikio. Ameketi chini mlangoni. Majirani wanapita, wanaona kichwa, wanauliza nani amefariki. Hajibu. Wananiuliza mimi. Niwajibu nini? Jana tumeshangilia, leo mwenye nyumba amenyoa. Wameanza kudhani ni wewe, ndege imeanguka.

MAKUEI: Hajala?

ACHOL: Hajala. Makuei, vocha inakwenda.

MAKUEI: Ilikuwa surua. Ilichukua siku nne. Baba alikuwa amesharudi vitani, hakujua hata kama mtoto anaumwa. Mama akaniamsha kabla hakujapambazuka, akaniambia chukua jembe la jirani, usimwambie la nini. Nilikuwa na miaka tisa. Tukaenda kule mto mkavu, upande wa juu, penye miiba. Alikuwa mwepesi, Achol. Nilikuwa nambeba kila siku lakini siku ile alikuwa mwepesi.

ACHOL: Sijui hata ni wapi.

MAKUEI: Mama akaniambia usilie. Ukilia watu watajua, watu wakijua watamfuta kwenye kadi, na tumbo langu lina mwingine. Huyo mwingine ni wewe. Basi tukarudi, akawasha moto, akapika uji kama kawaida. Mtu akiuliza, Wol amelala.

ACHOL: Na siku ya kuhesabiwa?

MAKUEI: Tuliazima mtoto wa jirani. Wanasoma majina. "Wol Lual?" Yule mtoto hakujua kama ni yeye. Nikaitika mimi. Nikasema, "Yupo." Wakapiga muhuri.

ACHOL: Ukiwa na miaka tisa.

MAKUEI: Ule unga wake niliula mimi. Miaka yote ile. Watu huku wananiuliza, ninyi mnakula nini mpaka mnarefuka hivi? Nawaambia maziwa.

[Maji ya pipa yanatikisika.]

MAKUEI: Unajua huku wakinitambulisha ukumbini? Taa zinazimwa, mtu anapaza sauti, "Wooool!" Watu wanapiga miguu chini. Miaka kumi na mitatu nafanya hivi, na kila mara, kabla sijakimbia kuingia, kuna kama nukta moja hivi nasubiri. Sijui nasubiri nani.

ACHOL: Usilie, kaka.

MAKUEI: Usiniambie usilie.

ACHOL: Basi lia. Samahani. Lia.

[Sauti za watu upande wa pili, mlango unafungwa.]

MAKUEI: Alitaka nini hasa? Mama. Alikwambia?

ACHOL: Nilimuuliza. Nikamwambia, mama, unataka kumharibia Makuei? Akasema hana ugomvi na Makuei. Akasema, "Wanangu wa kiume wote wawili wana jina moja. Mmoja anashangiliwa. Huyu mwingine hata mtu mmoja hajanipa pole."

MAKUEI: Alisema hivyo?

ACHOL: Hivyo hivyo. Kwa sauti ya kawaida, anachambua mboga.

[Mtandao unakwaruza.]

MAKUEI: —upo? Achol?

ACHOL: Nipo! Ongea haraka, imebaki dakika moja na kidogo.

MAKUEI: Usimpeleke Bor.

ACHOL: Eh?

MAKUEI: Nasema usimpeleke popote. Ater akija saa nne, mwache aingie. Mama amalizie. Mimi nitampigia kocha wa taifa leo hii, nimwambie mwenyewe, asisikie redioni. Na hawa wa hapa nitawaambia kesho asubuhi.

ACHOL: Watakufungia.

MAKUEI: Watanifungia.

ACHOL: Labda na mahakamani. Makuei, fikiri kwanza, usiseme kwa sababu umelia. Nilitaka tu ujue. Labda niongee na Ater pembeni, ni muungwana—

MAKUEI: Ater hana kosa. Dada, nina miaka thelathini na minane. Asubuhi nashuka ngazi kinyumenyume, nimeshika chuma. Nimebakiwa na msimu mmoja, ukizidi miwili. Nimnyime mama kwa ajili ya msimu mmoja?

ACHOL: Na mechi ya Juba? Ulisema siku moja tu katika maisha yako—

MAKUEI: Watacheza. Wako kumi na mmoja, wengine wazuri kuliko mimi.

ACHOL: Kaka yangu.

MAKUEI: Nami nitakuja. Nikipata ndege kabla hawajachukua pasipoti, nitakuja nayo hii hii.

ACHOL: Ya marehemu.

MAKUEI: Atanileta kwa mara ya mwisho. Sasa sikiliza, vocha isije ikaisha. Tandika mikeka nje leo hii. Waambie wajomba, waambie watu wa kanisani waje na ngoma. Tafuta mbuzi, ng'ombe mwenyewe nitakuja kumtafuta mimi. Umenisikia? Mama asikae mlangoni peke yake.

ACHOL: Nimesikia. Makuei, watu wakija watauliza. Niseme msiba wa nani?

MAKUEI: Sema wa Wol. Mwana wa Lual. Wa miaka mitatu.

ACHOL: Watauliza amefariki lini.

MAKUEI: Waambie... waambie habari imechelewa kutufikia. Halo? Achol? Waambie tumepata leo. Achol? Halo?