Mbao Kumi na Mbili za Revokatus Ndikumasabo

Mpendwa wetu Revokatus, mchoraji, alizaliwa Kizuka, Burundi, tarehe 14 Machi 1965, mtoto wa tatu wa mzee Silvano na mama Agnesi. Mauaji yalipoanza mwaka 1972, alikimbilia Tanzania kwa miguu pamoja na mama yake. Baba hakufika.

Alisoma katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, akamaliza darasa la saba mwaka 1982. Madaftari yake yalijaa michoro kuliko hesabu, na viboko alikula vya kutosha.

Alianza kazi kwa kuandika vibao vya maduka, kisha akaanza kuchora juu ya mbao mambo yote yaliyoipata nchi yetu. Ubao wa kwanza ulionyesha watu wakikimbilia kusini, ziwa likiwa kushoto kwao. Wazee walimcheka: “Wee kijana, ziwa ilikuwa kulia!” Alishika brashi arekebishe, mama Agnesi akamzuia: “Acha hivyo. Huyu mutoto alitembea anaangalia nyuma njia yote.”

Alifunga ndoa na Joanita tarehe 7 Julai 1990. Bibi harusi alilalamika kwamba kucha za bwana zilikuwa na rangi ya bluu hata kanisani.

Walirudi Kizuka mwaka 2009 wakiwa na mbao kumi na moja, wakakuta shamba la mzee Silvano linalimwa na Lameki, aliyepewa na serikali. Walishitakiana miaka mitatu, kisha wakagawana nusu kwa nusu. Revokatus alitaka ubao wa kumi na mbili uwe Lameki. Bila huyo, alisema, historia imekatika. Lameki alikataa: “Watoto yangu watasema nini? Baba yao alikuwa mwizi?” Revokatus akamjibu: “Nitakuchora vile uko, unapanda michikichi. Ni wewe uliipanda, si mimi.” Bado alikataa, miaka kumi na miwili.

Kisukari kilimshika Revokatus mwaka 2019, kikachukua mguu, kikaanza kuchukua macho. Tuliogopa ubao ungebaki mtupu. Desemba iliyopita Lameki alikuja mwenyewe, amevaa koti la Jumapili, akaketi. “Nichore sasa, macho yako ingali inaona.” Kazi ilichukua wiki tano. Revokatus alifariki nyumbani Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025.

Ameacha mjane Joanita, ndugu yake Lameki, watoto watano na wajukuu tisa. Lameki aliomba asitajwe, au atajwe mwisho kabisa pamoja na majirani. Familia ilikaa, ikamwandika hapo alipo.

Revokatus, pumzika kwa amani katika udongo wa Kizuka.