Kiungo Kwanza: Miaka Thelathini na Minne ya Mchanganyaji Wetu wa Chakula cha Samaki

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mchanganyaji wa chakula cha samaki wa shamba letu la mabwawa anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Wafanyakazi humwita Mzee Kiungo. Mimi humwita babu. Meneja aliomba wasifu huu uandikwe na mtu wa nyumbani, uwe mfupi na uwe na mazuri tu. Mzee Kiungo naye akatoa sharti lake: jambo la gunia lisipoandikwa, hatakuja kukaa kiti cha mbele.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na sita, enzi ambazo chakula kilisagwa kwa kinu cha mkono na punje zikaanikwa juani. Alichanganya mashudu, pumba na dagaa waliosagwa, na hakumwaga kitu bwawani kabla ya kukionja. Kila asubuhi aliwaamkia perege, "Hamjambo wateja wangu." Akitoka kazini, paka wa mtaa mzima walimfuata mpaka mlangoni, na bibi akatangaza kutoka jikoni, "Bwana harusi amerudi na msafara wake!"

Jina lake la utani limetokana na unga mmoja wa rangi ya maziwa. Ni kiungo chenye vimeng'enya, ambavyo humsaidia samaki kusaga chakula tumboni ili kisipite bure. Yeye ndiye aliyemshawishi meneja wa zamani aujaribu. Unga wenyewe ni kijiko kimoja kwa ndoo nzima, na kijiko kimoja hupotea upesi ndani ya pumba. Kwa hiyo alitunga kanuni kwamba unaanza na kiungo, halafu ndiyo mengine yafuate. Aliiandika ukutani kwa rangi nyekundu na kwa mkono wake: KIUNGO KWANZA. Perege waliokuwa wakichukua miezi minane kufikia uzito wa kuvuliwa wakafika kwa miezi sita. Mabwawa yakaongezeka kutoka manne hadi kumi na mawili.

Miaka kumi na mmoja iliyopita shamba lilipata mashine ya mvuke ya kutengeneza punje. Punje zake zilielea juu ya maji na zilipendeza kama shanga, na siku ya kwanza watu walipiga makofi. Kanuni ya ukutani ilibaki palepale.

Mwaka uliofuata samaki walianza kuchelewa kukua. Wataalamu walikuja mara tatu. Wakalaumu maji, kisha wakalaumu vifaranga, kisha maji tena. Mzee Kiungo akaongeza kijiko cha pili, halafu cha tatu. Bwawa moja baada ya jingine likakaushwa, na kila lilipokaushwa kuna watu waliorudi nyumbani. Bwawa namba tisa lilipofungwa aliondoka mvuta wavu, kaka yake bibi, ambaye alikuwa amefanya kazi na babu tangu ujana wao. Leo yamebaki mabwawa matano.

Januari mwaka huu liliingia gunia jipya la unga uleule. Magunia yote ya nyuma yaliandikwa kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeielewa. Mama Stoo, mtunza ghala wetu, alilitazama hili akacheka. "Mzee Kiungo, njoo! Leo gunia linaongea Kiswahili!" Akasoma kwa sauti, kama mtangazaji wa redio: usipashe moto zaidi ya nyuzi sabini, joto huua vimeng'enya, nyunyiza juu ya punje zilizokwisha kupoa.

Mashine ya mvuke hufika nyuzi mia.

Babu alisema, "Soma tena." Mama Stoo akasoma tena, safari hii polepole na bila kucheka. Babu akasema, "Zimeni mashine."

Sentensi hiyohiyo, joto huua vimeng'enya, imo katika kitabu cha biolojia cha shule. Mimi, mjukuu wake, niliijibu katika mtihani nikapata alama zote, na sikuwahi kufikiria mashine ya babu yangu.

Tangu siku hiyo punje zilipozwa kwanza, unga ukachanganywa na mafuta na kunyunyizwa mwisho. Babu alitaka bwawa la tatu lilishwe hivyo, na la nne lilishwe kwa njia ya zamani. Kila baada ya wiki mbili samaki walipimwa. Wenzake waliomba tofauti iwe kubwa. Yeye alikuwa akiomba unga uwe wa uongo, usifanye kazi kabisa, ili hasara ya miaka kumi na mmoja isiwe ya kwake. Mwezi wa Mei perege wa bwawa la tatu walikuwa na gramu mia tatu na kumi. Wa bwawa la nne walikuwa na mia mbili na thelathini. Wafanyakazi walishangilia. Babu aligeuza ndoo akaikalia, akaangalia chini.

Alikwenda kumweleza mvuta wavu, ambaye sasa anauza ndoo sokoni. "Kumbe ulikuwa unatupikia supu, shemeji," yule akasema, akajaribu kucheka. Kisha akaanza kupanga ndoo zilizokuwa zimeshapangwa. Babu alisubiri atukanwe. Hakutukanwa, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Mpaka rangi wa shamba alijitolea kuandika upya ukutani, KIUNGO MWISHO. Babu alikataa. Jumatatu alikwangua neno la pili kwa kisu chake mwenyewe, na mahali pake pamebaki peupe.

Babu, yameandikwa. Kiti cha mbele ni chako. Shamba linakushukuru kwa mabwawa kumi na mawili uliyoyajaza, na sisi wa nyumbani tunakushukuru kwa kutotaka yale saba yaliyokaushwa yafichwe. Hatujui la kukuambia ili uache kuhesabu. Tunakutakia asubuhi zisizo na mizani.