Kiti Kilichopanda Blaendeilen kwa Miguu

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Bi. Non Gethin, Mwenyekiti wa Kamati ya Elimu. Mwalimu Mkuu, Bwana Tudur Pugh. Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu:

UKARIBISHO

Sisi wanafunzi wa Shule ya Sekondari Bro Deilen tunakukaribisha kwa mikono miwili. Mvua imekulaki kabla yetu. Utusamehe, bondeni kwetu haijui kungoja zamu. Chai ipo, na keki za zabibu kavu zimetoka motoni sasa hivi.

TULIKOTOKA

Shule hii ni ndoa ya shule mbili, na maharusi hawakuulizwa. Miaka minne iliyopita shule ya Blaendeilen, huko juu mwisho wa bonde, ilifungwa na kubomolewa, na watoto wake wakaletwa huku chini Aberdeilen. Tukawa zaidi ya elfu moja chini ya paa moja, lakini hatukuwa wamoja. Bwaloni, wa juu walikaa madirishani, wa chini wakakaa karibu na jiko.

"Nyie wa juu, kondoo wenu nao mmewaandikisha?"

"Walikuja kuangalia, wakakuta nafasi zote za kondoo mmeshazijaza!"

Miongoni mwa walioshuka alikuwa Iestyn Treharne, kijana mkimya anayelelewa na bibi yake. Akirushiwa vijembe alichukua sahani yake, akaenda zake.

MAFANIKIO

Vikombe vya raga utaviona ofisini. Fahari yetu kubwa ni eisteddfod ya Machi iliyopita, yale mashindano yetu ya nyimbo na mashairi. Mshairi bora hupewa kiti kipya cha mbao kilichochongwa katika karakana yetu, akaenda nacho kwao, na kwa kuwa washairi hutumia lakabu, mshindi hajulikani mpaka aitwe.

Bi. Luned Rosser, mwalimu wa Kiwelisi, alisoma beti za shairi lililoshinda: mwanamke mzee amesimama mvuani, anatazama shule aliyosomea ikivunjwa, na anawaita kwa majina watoto aliokaa nao dawati moja. Kisha akaita, "Mwenye lakabu ya Jiwe la Pembeni, asimame!"

Iestyn aliganda. Jirani yake alipomsukuma ndipo aliposimama, na upande wa chini ukaguna.

Desturi yetu ni kwamba upanga huinuliwa juu ya kichwa cha mshairi, na watu huulizwa mara tatu kama kuna amani. Wasipoitikia, mshairi hakai.

"Kuna amani?"

"Amani!" waliitika wa juu peke yao. Nusu ya ukumbi ilikuwa kimya.

"Kuna amani?"

Safari hii hata wa juu waliitika kinyonge. Iestyn alitazama viatu vyake, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Ndipo Mared Cadwgan wa Aberdeilen, aliyeshinda kiti mwaka uliotangulia, alipopanda juu ya benchi. "Shairi mmelisikia, au mmeziba masikio? Bibi yangu mimi pia alisoma shule ile!"

"Mared, shuka bwana, unatuaibisha," alinong'ona kaka yake, Macsen.

"Mnaojiaibisha ni nyie!"

Bi. Luned akauliza mara ya tatu. Mheshimiwa, ukumbi ulitikisika. Iestyn alikaa kitini, machozi yakimtiririka, wala hakuyaficha.

CHANGAMOTO

Sherehe ilichelewa kwisha, na basi la Blaendeilen huondoka kengele ya mwisho ikilia. Halimngoji mtu. Macsen na wenzake wa timu ya raga walimkuta Iestyn kituoni na kiti chake.

"We mshairi, umeamua kukikalia hapo mpaka kesho?"

"Basi limeniacha."

"Kwenu wapi hasa?"

"Juu kabisa. Barabara inapoishia."

"Mama yangu! Haya, shika mguu huo. Jamani, njooni tubebe!"

Walipokezana kiti kwa maili tano za mlima, mvua ikiwanyeshea. Watu walitoka milangoni, wengine wakasindikiza. Bibi yake Iestyn alikishika kile kiti, akakipapasa mgongo na miguu. Kisha aliuliza tu, "Wanangu, mmekula?"

Siku hiyo walikula mchuzi wa nyama na vitunguu vya liki mpaka sufuria ikakwanguliwa. Tangu hapo, bwaloni kila mtu hukaa anapopata nafasi.

OMBI LETU

Mgeni rasmi, safari ile hatuijutii. Lakini kila alasiri wenzetu wa juu huacha kwaya, raga na maigizo, wakikimbilia basi lile lile. Wana sauti, wana miguu, wana vipaji. Wanakosa njia ya kurudi nyumbani. Tunaomba basi moja la jioni. Shule tumeshaiunganisha wenyewe, kwa mabega yetu. Barabara, Mheshimiwa, inatushinda.

Mungu akubariki, akufikishe kwako salama, na kila nyumba ya bonde hili ikufungulie mlango.

Ni sisi, wa juu na wa chini,
Wanafunzi wa Bro Deilen.